Nilivyochepuka Hijani Kumwona Mghoi

Landless, Thika
Jumapili mchana

Kwako mume wangu, Baba Mghoi,

Najua jina hilo hulitaki. Miaka minane sasa mtu akikuita hivyo unageuza uso, na hata mimi nilizoea kukuita Mzee Mwakio ili nyumba ikae kwa amani. Leo nakuita jina lako. Ukikasirika, kasirika, lakini soma mpaka mwisho.

Pokea salamu zangu. Watu wakiandika barua huuliza kama walio nyumbani hawajambo. Mimi siwezi kuuliza, kwa sababu dada yako Mkamburi ameshaniambia. Ameniambia kidonda kilianza kidoleni, kikala unyayo, na sasa weusi umefika kwenye kifundo. Ameniambia unachoma majani ya mkaratusi chumbani ili wanaokuja kukuona wasisikie harufu. Ameniambia pia kwamba siku ile ya kupasuliwa ulivaa shati lako ukatoka wodini kabla daktari hajafika, ukapanda pikipiki na ule mguu, ukarudi nyumbani kulala.

"Nilizaliwa na miguu miwili, nitazikwa na miguu miwili." Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoniambia, kisha ukakata simu. Tangu hapo nikipiga, ukisikia sauti yangu tu, unakata. Ndiyo maana naandika. Mwalimu Mwangeka jirani yetu alikuja huku kwa harusi ya mtoto wa dada yake, na kesho asubuhi anapanda treni kurudi. Nimemwomba akupe bahasha hii mkononi mwako, asimpe mtu mwingine. Barua huwezi kuikata.

Mimi ni mzima isipokuwa miguu. Naandika nikiwa nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi, na nitakueleza ilivyofika hapa.

Mkamburi aliponipigia kuhusu ule weusi nilikuwa kazini, nimesimama kwenye mkanda, tunachambua makadamia. Unajua kazi yetu: kokwa hizo zinapita mbele yako, nzuri unaacha, mbovu unatoa, muda wa saa nane umesimama. Baada ya ile simu niliziacha zote zikapita. Nzuri, mbovu, sikuziona. Msimamizi alikuja kunigombeza, akaniangalia usoni, akaniambia nikae nje kidogo. Nikamwomba ruhusa ya kuja nyumbani. Akasema huu ndio msimu wenyewe, wa kibarua akiondoka wiki hii nafasi yake inachukuliwa, nivumilie mpaka Ijumaa ijayo ndipo watu wengine wataingia. Siku mbili tu nilikuwa nazo, Ijumaa hii iliyopita na Jumamosi, na hizo zilikuwa zimeombwa na parokia tangu mwezi wa kwanza, kwa ajili ya hija ya Kwaresima. Tunatembea kwa miguu kutoka Thika, tunalala Ruiru, kesho yake tunamalizia upande wa Nairobi.

Najua utauliza kwa nini hizo siku mbili sikuzitumia kuja. Nilifikiria, na siku moja nilishakunja nguo kwenye begi. Halafu nikamkumbuka shemeji Mwadime. Ndugu yako wa tumbo moja alipanda kilima akaja kukusihi, na ulimfungia mlango, ukaongea naye kupitia dirishani kama mchuuzi. Mimi ningefanywa nini? Ningesimama hapo uani jioni moja, ningelia, ungenyamaza, na kesho yake ningerudi Thika na mguu wako ungekuwa vile vile.

Katika maisha yetu nimeona mtu mmoja tu akikuambia neno ukabadili nia. Tumbaku nilikulilia miaka kumi uiache. Mghoi alikuambia mara moja tu, akiwa darasa la nne, kwamba unanuka kama jiko, na siku hiyo hiyo uliitupa kopo na vyote. Kwa hiyo nilijua ni nani wa kumtafuta, na nilijua aliko. Yuko Ruiru. Wewe ulisema huna mtoto anayeitwa Mghoi siku aliyokuja kutuambia ameacha chuo cha Juja mwaka wa tatu, ameacha uhandisi wa maji, anaingia monasteri ya masista wanaokaa ndani. Ulisema, na mimi nilinyamaza. Miaka minane nimefanya kazi Thika, pua na mdomo na mahali aliko, na sijawahi kwenda kumwona, kwa sababu nilikuahidi. Hiyo ahadi nimeivunja Ijumaa. Sitaki uisikie kwa mtu mwingine.

Aliyenisaidia kupanga ni Nyokabi, mjane mmoja wa hapa Thika ambaye tunasimama naye bega kwa bega kazini. Yeye hija hiyo ameenda mara tatu. Wakati wa chai alichukua kipande cha boksi akanichorea: hapa Juja tunapumzika, hapa Ruiru tunafika kama saa nane, tunapewa chakula kwenye ukumbi wa kanisa, halafu watu wanalala lala na kukanda miguu mpaka saa kumi na mbili, majina yanapoitwa kwa sala ya jioni. Katikati ya saa nane na saa kumi na mbili ndipo mimi nichepuke. Monasteri iko nyuma ya mashamba ya kahawa, mwendo wa saa moja kwa mtu ambaye hajachoka.

"Wewe enda tu," Nyokabi alisema. "Jina yako ikiitwa, nitaitikia mimi."

Mpango wangu mimi ulikuwa mmoja zaidi, na sikumwambia hata yeye. Nilikuwa naenda kumtoa mtoto wangu mle ndani. Nilibeba mtandio na viatu vya ziada vya saizi yake. Nilishaona kichwani mwangu tukishuka pamoja Voi, tukipanda mlima, yeye akiingia chumbani kwako kwanza.

Tulianza Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, watu kama mia moja, tumevaa fulana nyeupe na rozari shingoni. Mbele ni katekista wetu, Mzee Kariuki, fundi cherehani mtaratibu sana, anabeba orodha ya majina kwenye mfuko wa nailoni. Tunafuata ile njia ya pembeni ya barabara kuu, malori yanatupita yakitutia vumbi na moshi, sisi tunaimba. Mimi sikuimba. Kila nikiweka mguu wa kushoto chini nilikuwa nauona wako. Nilikuwa nimeweka nadhiri kwamba nitatembea mwanzo mpaka mwisho kwa ajili ya huo mguu, sitapanda gari, na sitavua kiatu hata kikiuma. Kabla ya Juja nilikuwa tayari nimechubuka visigino.

Pale Juja kuna Singh mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye na mkewe na binti zao walikuwa wametoa meza nje, wanawapa mahujaji maji na ndizi, na kila mtu wanamwambia pole kwa safari. Nilipopokea kikombe macho yangu yalikuwa barabarani, maji yakamwagika, yule mama akanishikia kikombe nikanywa kama mtoto. Ni pale Juja ambapo Mghoi alikuwa anasoma. Nilikuwa natazama wanafunzi wakivuka barabara na mikoba yao.

Hapo nikaona siwezi kumwachia Nyokabi aseme uongo kwa jina langu tukiwa hijani. Nikamwendea Mzee Kariuki nikamweleza kila kitu isipokuwa ule mtandio na viatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa. Alisema mwaka mmoja mzee alitoka kwenye mstari akaenda kusalimia ndugu, wakamtafuta siku mbili, na toka hapo Padre aliweka sheria: anayetoka, jina lake linafutwa, na hija yake haihesabiwi. Nikamwambia afute. Akasema, "Mama, si mimi ninayekuzuia. Nakuomba tu usinipotelee." Nikamjibu nilishapotea siku nyingi, na huko ninakoenda ndiko natafuta njia.

Ruiru tulifika saa nane na nusu. Sikula. Nyokabi alinichomekea vitambaa visiginoni bila kunivua viatu, nikatoka kwa lango la nyuma.

Ile ramani ya boksi ilinifaa mwanzo tu. Alama alizoniwekea Nyokabi ni za zamani: kata pale kahawa inapoanzia, fuata kahawa mpaka kwenye kiwanda cha kuoshea. Sasa kahawa imeng'olewa, kumekatwa viwanja, majengo ya ghorofa yamesimama nusu, yana nondo zimechomoza juu, na njia zote zinafanana. Nilienda nikarudi. Nikamuuliza mlinzi wa jengo moja, akanielekeza kwenye shule. Nikamuuliza mama aliyekuwa akikoroga uji kwa wajenzi, akasema masista wako huko chini ng'ambo ya mto, lakini nimeshawapita. Saa tisa na nusu ilikuwa imepita. Nilikaa kwenye lundo la kokoto nikavua kiatu, nadhiri ile ya kutovua ikaishia hapo. Soksi ilitoka na ngozi.

Mume wangu, sitaki kukuficha nilichofikiria nikiwa nimekaa pale. Nilifikiri nirudi, niache yote, ufe unavyotaka na mimi nikae Thika, nisije hata kwenye mazishi. Nilikuwa na hasira na wewe kiasi hicho. Yule mama wa uji alinikuta nikijisemesha. Aliacha sufuria kwa mwenzake akanisindikiza mpaka kwenye daraja, akanionyesha ukuta mrefu wa mawe na msalaba mdogo juu ya lango, akarudi kwenye uji wake.

Kwenye lango kuna sista mmoja wa makamo anayepokea watu, Mmeru, mfupi, mwenye miwani mizito. Nilimwambia mimi ni mama yake Mghoi wa Taita. Alifurahi, halafu uso ukabadilika. Akasema kwa upole kwamba wakati wa Kwaresima masista wa ndani hawaonani na wageni kabisa, hata wazazi, mpaka baada ya Pasaka. Nikamwambia baada ya Pasaka nitakuwa mjane.

Sikusema hivyo kumtisha. Ndivyo daktari alivyomwambia Mkamburi, na wewe hajakueleza kwa sababu anakuogopa. Leo ukikubali, wanakata chini ya goti. Wiki moja tena ni juu ya goti. Baada ya hapo hakuna pa kukata, kwa sababu sumu itakuwa imeingia kwenye damu. Daktari amesema kitanda chako kipo mpaka Alhamisi hii. Nakuandikia wazi kwa sababu umri wetu si wa kufichana.

Nikakaa sakafuni pale mlangoni, nikamweleza yule sista hadithi yote. Akaingia ndani. Nilidhani ameenda kumwita mlinzi anitoe. Baadaye kidogo akarudi akaniingiza kwenye chumba kidogo chenye kiti kimoja na dirisha la nondo, na nyuma ya nondo alikuwa ameketi Mama Mkuu wao, mwanamke mwembamba, sauti yake ya chini sana. Aliniuliza jambo moja tu.

"Umekuja kumtoa?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa na viatu vyake begani, ningekanaje? Akaniambia mlango wao haufungwi kwa nje, ufunguo uko ndani, na Mghoi akitaka kutoka leo atatoka, hakuna wa kumzuia. Lakini nimwone kwanza, halafu ndipo niamue la kumwomba. Akainuka akaenda kumwita.

Baba Mghoi, mtoto wako amejaa mashavu. Sijui nilitegemea nini, labda mtu aliyekauka kwa kufunga. Amejaa mashavu na viganja vyake ni vigumu kama vyako. Alipitisha vidole kwenye nondo nikavishika. Humo ndani wamempa jina la kitawa, lakini mimi nilimwita Mghoi na aliitika. Ndiye anayesimamia maji ya nyumba yote, kisima, pampu, matangi, na mboga zao anamwagilia kwa mabomba aliyoyatandaza mwenyewe. Alinionyesha kovu mkononi la siku pampu ilipompiga. Kile alichosomea hakukitupa.

Nilimweleza kuhusu mguu. Hakulia. Aliuliza kama unaweza kuchezesha vidole, kama homa inakuja jioni, kama unakula. Halafu akauliza swali ambalo mimi mkeo sikuwa nimewahi kujiuliza. "Baba anaogopa nini?"

Nikasema sijui, labda kisu. Akatikisa kichwa. Akasema unaogopa kutopanda tena shamba la juu. Unaogopa kubebwa mgongoni kama gunia.

Nikamuuliza amejuaje, na hapo ndipo nilipopata habari ambazo ulipaswa kunipa wewe. Kumbe kila Krismasi anakuandikia. Kumbe barua zote zinakufikia. Na kumbe mwaka ule ulipoleta maji shamba la juu kwa bomba, sote tukasema Mwakio amekuwa fundi uzeeni, na wewe ukasema ulielekezwa na mtu wa Mwatate, kumbe ulimwandikia yeye. Mistari miwili, anasema, bila salamu: maji yanagoma kupanda kwenye ule mwamba, bomba lipite wapi? Akakuchorea, akatuma. Hukujibu asante. Lakini maji yalipanda.

Sikujua nicheke au nikupige. Nikija likizo nilikuwa naamka na wewe, nakuona ukilisifu lile bomba, na hujanena. Nimekaa miaka yote hiyo nikimlilia mtoto kimya kimya nikidhani nakutunzia hasira yako, na wewe huku una barua zake mahali. Ziko wapi? Juu ya dari? Kwenye debe la mbegu?

Mghoi akaniuliza, "Nikitoka niende nyumbani, atakubali kukatwa?"

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Neno nililolitembelea lilikuwa mdomoni mwangu, ningesema ndiyo tu na angevaa vile viatu. Lakini niliangalia ile mikono yake, nikamfikiria akisimama uani na wewe umefunga mlango, akirudi bila baba, na monasterini nako hajui tena kama ana nafasi. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Na kwamba simwombi atoke.

Akafikiri, akasema basi tupige simu. Aliomba ruhusa, na Mama Mkuu akaileta yeye mwenyewe, simu ya ofisi yao, na kwa vile aliyeijua namba yako ni mimi, ikapitishwa upande wangu kwanza niweke namba. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, Ijumaa. Simu ililia mara tano. Ulipokea. Nikasema, "Ni mimi, Wakesho, subiri..."

Ukakata.

Mghoi alikuwa ameshatoa mkono kwenye nondo kuipokea. Alikuwa amefungua mdomo kusema Baba. Nikapiga tena, ulikuwa umeizima. Sijakuandikia haya ili ujute. Nataka tu ujue ile namba usiyoijua, ile iliyokusumbua Ijumaa jioni, ilikuwa nani. Aliuacha mkono wake pale pale kwa muda, kama amesahau kuurudisha.

Kisha akaniambia nikufikishie maneno haya kama alivyoyasema, na nayaandika kama alivyoyasema, ingawa nimeogopa kuyaandika tangu asubuhi. "Mwambie Baba alinikata mimi, na bado niko hai, na bado mimi ni wake. Mwambie akate na mguu."

Kabla sijaondoka aliomba kalamu. Karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha hii ni yake, usiitupe ukidhani ni uchafu. Amechora njia inayofuata bomba, kutoka nyumbani mpaka shamba la juu. Anasema alipokuchorea lile bomba alilizungusha mwamba taratibu, kwa hiyo njia inayoandamana nalo haina mwinuko mkali, mtu wa magongo anaipanda. Amekuwekea alama mahali pa kuchimba ngazi na mahali pa kufunga miti ya kushikilia. Ngazi ni kumi na saba. Ameandika pembeni upana wa kila moja. Mwadime na vijana wa kanisani wanaweza kuzimaliza kabla hujatoka hospitalini.

Nilirudi Ruiru jua likizama, nikikanyaga kwa vidole. Mzee Kariuki alikuwa amekaa kwenye jiwe langoni peke yake na ile orodha mapajani, wenzetu walikuwa wameshaingia kusali. Nilimwambia anifute. Aliweka alama ya vema mbele ya jina langu, akaufunga mfuko wake wa nailoni, akaniuliza kama nimekula.

Lakini hija sikuimaliza. Jumamosi nilifika Kahawa Wendani, pale kwenye vibanda wanapouzia wanafunzi chapati, nikakaa chini na sikuweza kuinuka tena. Nyokabi aliacha mstari akanirudisha Thika kwa gari. Kwa hiyo ile nadhiri ya mguu wako imevunjika katikati, na usiku wa jana sikulala kwa kuiwaza. Nilitaka nikuletee kitu kilichokamilika. Sina. Nina karatasi ya mtoto wako, na hizi kurasa.

Ijumaa ruhusa yangu inaanza na Jumamosi nitakuwa nyumbani. Nakuomba nisikukute nyumbani. Nakuomba nikukute wodini, umelala, umenikasirikia, mguu mmoja umefungwa bendeji chini ya goti. Nitakuogesha, nitakufundisha magongo, matusi yako nitayabeba. Ukiwa umekataa, bado nitakuja, na nitakaa nawe mpaka mwisho, harufu na yote, kwa sababu mimi ni mkeo. Lakini mume wangu, sitaki kukuzika. Sijui niseme kwa lugha gani nyingine. Nimesema kwa simu, nimesema kwa watu, nimesema kwa miguu yangu mpaka ikatoka ngozi. Sina kingine cha kusemea.

Nisalimie mama mkwe, umwambie blanketi lake nimelipata, lile zito alilolitaka. Nisalimie wifi yangu Mkamburi anayekuosha kidonda bila kuziba pua, na usimgombeze kwa kuniambia ukweli. Shemeji Mwadime mfungulie mlango akija. Na Mwalimu Mwangeka, akishakukabidhi hii, mpe maji ya kunywa, ametoka mbali.

Nimebakiza jambo moja. Mama Mkuu ametoa ruhusa tena, mara moja tu kabla ya Pasaka. Ni Jumatano, saa nane mchana. Simu yako iwe na chaji na iwe imewashwa. Mimi sitakuwepo, nitakuwa kazini kwenye mkanda, kwa hiyo usiogope kusikia sauti yangu. Ukipokea, atakayeongea ni yeye.

Mkeo,
Wakesho